Étau yangu ya cric, na mutoto mwenye alikuja kufunga atelier

Hapana, hakuna muntu anakalia ile mbao ya kwa picha. Inashikwa na cric ya camion. Najua njo mutauliza, nimewahi kujibu.

Wakuu, na badogo wenye munajiita wakuu, hamujambo? Mi sikusoma, nasema na simu inaandika. Mukiona kosa, ni ya simu. Uongo hamutaona: atelier yangu ya mbao iko hapa Baraka, mwenye iko na mashaka akuje.

Kwetu, étau ya kushika mbao ilikuwa matako. Fundi analainisha mbao na rabot, muntu anakaa juu ya mbao isikimbie. Bwana yangu alikuwa fundi, mi nilikuwa matako yake. Siku moja nilichoka, nikamwambia: we kuja ukae, mi nipige. Njo vile nilijua kazi.

Sasa bwana alikufa. Nani atanikalia mbao?

Mutoto wangu mukubwa, mwenye biashara kule Lulimba, akakuja na sauti yake ya gouverneur: "Mama, kazi imekwisha. Tunafunga atelier, tunauzisha byombo, unahamia kwangu."

Akaanza kutafuta camion ya kubeba byombo.

Nikamwambia, ngoja nimalize milango ya Mama Zaina. Ni client yangu, anauzisha ndakala, bale samaki badogo. Anapenda milango sababu kinywa yake haina.

Nikaenda kwa mécanicien kuomba cric, ile chuma ya kuinulia gari. Ye anasemea puani: "Koko, bibi yetu, unataka kuinua camion gani?" Nikamujibu: nataka kuinua akili yako.

Musikie sasa. Cric ya vis, ile ya kuzungusha, nikailaza kwa kichwa ya meza, nikafunga na boulons. Juu ya meza nikatoboa matundu kwa mustari. Kikingi ya muti mugumu inaingia kwa tundu. Mbao fupi, unaileta karibu. Mbao refu, unaipeleka mbali. Unazungusha cric, inasukuma mbao mpaka kwa kikingi. Inatulia kama bibi-harusi mbele ya mama-mukwe.

Lakini vis ilikuwa inalia na kutu. Nikafanya vile siye bote huku tunafanya kwa kitu yote yenye kulia, mulango, baiskeli, hata mutoto: nikapaka mawese.

Eh! Ikazunguka tamu. Mawese ikateremka mpaka kwa mbao. Nikapiga rabot mara moja, mbao ikaruka kama samaki, ikaanguka juu ya muguu ya mutoto wangu.

"Unaona, mama? Unaona?" Gouverneur anarukaruka na muguu moja.

Nikasugua meza na majivu na sabuni. Nikakata chambre à air ya pikipiki, nikapigilia ile mpira pande mbili zenye kubana mbao. Vis nikaipatia graisse, mafuta ya mécanicien.

Basi somo yangu ni hii: mawese ni ya kupikia sombe, si ya vis. Mwenye iko na namna yake ya kushika mbao aandike hapa chini, nitamucheka na heshima.

Aah, mutoto? Mama Zaina alikuja kuangalia milango yake, akatukuta tunabishana. Nikafunga mbao, nikamwambia mutoto: ukiitoa bila kugusa cric, nahama leo.

Akavuta. Akaweka muguu kwa meza, akavuta tena. Jasho. Meza ilisogea, mbao hapana.

Mama Zaina akamutazama, beseni kichwani:

"Mbao imekushinda kutoa. Mama yako njo utatoa?"