Siku Profesa Alipoyasingizia Maji

Karakana yetu hutengeneza miguu na mikono ya bandia. Ukiingia unapokewa na mabenchi mawili ya wagonjwa, kisha chumba cha plasta, ambako mimi hushinda nimekuwa mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga, kisha chumba cha kompyuta, na nyuma kabisa ziko mashine za kuchonga. Huyu ninayemsimulia alikuwa bwana wa chumba cha kompyuta. Tulimwita Profesa. Chuo hakuwahi kufundisha hata siku moja. Jina alilipata kwa sababu ukimuuliza saa ngapi, atakueleza kwanza saa inavyofanya kazi.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mtu wa kuchomekea shati na kupanga kalamu tatu mfukoni kwa urefu. Ujana wake alitengeneza redio, baadaye televisheni, mwishowe kompyuta, na yote hayo alijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga. Ile kompyuta kubwa ya karakana aliiunganisha kwa mikono yake kutoka vipande vya mashine tatu zilizokufa, akaiwekea mfumo wa Linux, na ikafanya kazi miaka sita bila kulalamika. Fundi Mkuu hupima kigutu cha mgonjwa kwa skana, picha yake inatokea kwenye skrini, anaizungusha huku na huku, anapunguza hapa, anaongeza pale, kisha mashine inachonga kikombe cha kuvalia mguu. Bila kompyuta ile hakuna kikombe, na bila kikombe mtu anarudi nyumbani na magongo yake. Kwa hiyo Profesa alikuwa na haki ya kuringa kidogo. Tatizo ni kwamba kidogo hakikumtosha.

Wiki hiyo tulikuwa na mgonjwa mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekatwa mguu chini ya goti. Kikombe chake cha zamani kilikuwa kimepasuka na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Fundi Mkuu, mama mmoja mpole lakini asiyerudia neno, alimpima Ijumaa asubuhi, na kabla ya kuondoka mchana alipitia kwa Profesa.

"Profesa, nakuomba. Usiguse kitu kwenye hiyo mashine mpaka nimalize mguu wa mwalimu. Jumatatu nachonga."

"Mimi nina wazimu?" Profesa akamjibu, na wote wakacheka.

Lakini kulikuwa na kijisanduku kwenye kona ya skrini ambacho kwa mwezi mzima kilikuwa kikimwambia kwamba toleo jipya la mfumo lipo tayari. Kilimkera kama mtu anayekugonga bega foleni nzima. Alasiri ile, karakana imetulia, akajiambia ni kazi ya saa moja tu, na Jumatatu Fundi Mkuu atakuta mashine nyepesi zaidi na kumshukuru. Akabonyeza. Mfumo ukapakua, ukapanga, ukamaliza. Kilichobaki kilikuwa kuizima na kuiwasha aone kama kila kitu kimekaa sawa. Mkewe akapiga simu mara ya pili kuuliza yuko wapi. Basi akaizima, akachukua koti, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi alifika akipiga mluzi. Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi, magongo yameegemezwa ukutani. Profesa akawasha mashine, na skrini ikabaki nyeusi. Juu kushoto kulikuwa na kistari cheupe kinapepesa, basi. Hakuna picha, hakuna dirisha, hakuna kitu. Fundi Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Kuna nini?"

Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alijua palepale, hata kabla Fundi Mkuu hajauliza. Alijua kama unavyojua umesahau ufunguo ndani mlango ukishajifunga. Ila macho yake yalishuka sakafuni, akaona vigae chini ya meza bado vina unyevu, na mdomo ukatangulia.

"Nani amepiga deki hapa?"

Saa nzima iliyofuata alijishikilia kwenye hilo moyoni, kwamba yeye aliuliza tu.

Aliyepiga deki alikuwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini alikuwa amefanya usafi wa karakana ile miaka kumi na saba na hakuna aliyemwita vinginevyo. Meneja, aliyevutwa na sauti, akamwita kutoka nyuma. Akaja akifuta mikono kwenye aproni.

"Shangazi, umemwagia mashine maji?"

"Hapana, bosi. Nimepiga deki kama siku zote. Kitambaa nilikikamua. Waya sikugusa hata mmoja."

"Mashine haifi yenyewe." Meneja akamgeukia Profesa. "Maji yanaweza kuiharibu?"

"Yanaweza," Profesa akasema.

Na kweli maji yanaweza. Ndiyo maana neno lilitoka kirahisi.

Meneja akamwambia Shangazi aende nyumbani mpaka atakapoitwa. Shangazi alivua aproni, akaikunja mara mbili, halafu mara ya tatu, akaiweka juu ya kaunta mbele ya wagonjwa na sisi sote. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu na bakuli la plasta. Nilikuwa nimemwona akikamua kile kitambaa asubuhi, akikinyonga kama anayekidai kitu. Niliendelea kukoroga. Plasta iliganda bakulini nami nakoroga.

Profesa akajifungia na mashine. Aliizima na kuiwasha mara nne. Aliingiza amri alizozikumbuka, ikamjibu kwa mistari ya makosa. Akachukua kompyuta ndogo, akapekua mtandaoni, akapata programu mpya kabisa ya kuendesha picha, akaisakinisha kwa nguvu, na sasa hata kile kistari kikaacha kupepesa. Mwalimu alikuwa akimwona kupitia kioo cha mlango. Kila Profesa alipoinua kichwa, mwalimu alimtabasamia kumtia moyo, na kila tabasamu lilimshusha mabega.

Ilipofika saa sita akampigia simu mpwa wake, binti wa dada yake, anayeshughulika na mitambo ya kompyuta katika kampuni moja huko mbali. Profesa ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi akiwa darasa la pili, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akipigiwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sikia, mashine ya kazini imeingia maji. Skrini nyeusi."

"Imeingia maji na inawaka?"

"Inawaka."

"Mbona maji hayo yana adabu, mjomba?" Akacheka kidogo. Mjomba hakucheka. "Haya, izime, iwashe, na kwenye orodha ya mwanzo chagua hali ya kujiokoa. Umepata maandishi?"

"Nimepata."

"Fungua kumbukumbu ya usakinishaji. Mara ya mwisho mlifanya kazi Ijumaa, basi nisomee mistari ya siku hiyo kutoka mwisho."

Akaifungua. Kompyuta huandika kila kilichofanyika, siku, saa, na jina la aliyefanya, haina aibu wala upendeleo. Akasoma siku. Akasoma saa, tisa na dakika arobaini na saba alasiri. Halafu akaishia hapo.

"Endelea, mjomba. Nani aliyeagiza?"

Akalisoma jina lake mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama anayeitwa darasani.

Kisha mpwa akauliza, polepole, "Hayo maji uliyosema, mjomba, ni ya nani?"

Profesa akavitazama vigae, vilikuwa vimekwisha kukauka.

"Haya," yule binti akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kazini. "Tutengeneze kwanza."

Akamweleza kilichotokea, na ilimbidi Profesa asikilize kama mwanafunzi. Kadi ya picha, ile sehemu inayochora vitu kwenye skrini, ina programu yake ya kuiendesha, ndiyo mafundi wanaiita draiva. Mfumo mpya ulikuja na draiva mpya, na draiva hiyo mpya imeacha kuzitambua kadi za zamani kama ile yao. Kadi ilikuwa nzima. Skrini ilikuwa nzima. Ila aliyekuwa akizungumza nayo alikuwa amebadilishwa, na huyu mgeni hajui lugha yake.

"Kuna onyo, mjomba. Kabla ya kusasisha linatokea, linasema kadi yako haitafanya kazi. Ulilisoma?"

"Nilibonyeza ndiyo."

Wakaanza kufuta. Kwanza draiva mpya yote, na ile aliyoisakinisha kwa nguvu asubuhi, ambayo ilikuwa imeacha mabaki kila mahali na iliwachukua nusu saa kuifukua. Kisha wakasakinisha draiva ya zamani inayozijua kadi za umri ule. Ikakataa. Mpwa akamwambia asome kosa lote, si mstari wa kwanza tu. Kumbe draiva ile hujengwa upya kulingana na kiini cha mfumo, na faili za kujengea hazikuwepo. Wakazileta, wakarudia, mistari ikashuka mmoja mmoja bila kosa. Mwisho akamwagiza aifunge draiva ile isisasishwe tena bila ruhusa.

"Sasa iwashe upya."

Saa nane na robo skrini ilipiga weusi, ikapiga kijivu, kisha rangi zikaja. Fundi Mkuu akafungua faili, na kigutu cha mwalimu kikatokea katikati ya skrini kikizunguka taratibu, laini kabisa. Watu wakapiga makofi. Meneja akaja mbio, akamshika Profesa mkono kwa mikono miwili.

"Wewe ni kiboko! Mashine imeoga maji na umeifufua!"

Na mwalimu kutoka kwenye benchi akasema, "Mungu akubariki, baba."

"Asante," Profesa akamjibu.

Aliniambia kwamba katika yote aliyosema siku hiyo, hilo ndilo linalomwamsha usiku.

Baada ya dakika kumi aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akaniambia yote akiwa ameutazama ukuta. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema kila dakika iliyopita ilifanya inayofuata iwe ngumu zaidi. Sikuwa na la kumlaumu nalo. Nilimwambia nami nilikiona kitambaa kikikamuliwa. Tukakaa pale, watu wazima wawili, hakuna anayetaka kumwangalia mwenzake.

Jioni tukaenda wote kwa Shangazi. Anaishi vyumba viwili nyuma ya duka la cherehani. Tulimkuta anaanika sare za wajukuu, vibanio ameving'ata mdomoni. Alituletea viti viwili, yeye akaendelea na nguo zake.

Profesa akasema. Alisema vizuri kwa mara ya kwanza, bila kueleza mashine inavyofanya kazi.

Shangazi akatoa kibanio mdomoni. "Ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua."

"Nilipokuwa navua aproni, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Shangazi. Nisamehe."

Akaning'iniza sketi moja ya bluu, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, akachukua muda wake. "Hiyo mashine siijui, hata ungeipasua kwa shoka mimi ningekuonea huruma. Lakini mimi nilifukuzwa mbele ya watu. Wewe umekuja kuniomba radhi huku uani, panapoonekana na kuku tu."

Mimi niliinamisha kichwa, maana nilikuwa nimefikiri tumefanya jambo kubwa kuja.

"Na wewe wa plasta," akaniambia, "ulikuwa mlangoni."

Asubuhi iliyofuata Profesa alisimama kati ya mabenchi mawili, wagonjwa wamejaa, akamwomba Meneja na mafundi waje. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoiandika, lakini hakuisoma, akaikunja. Akasema Ijumaa alisasisha mfumo baada ya kuombwa asiuguse. Akasema maji hayakufika kwenye mashine, wala Shangazi hakukosea. Akasema alijua, na alinyamaza. Neno "nilijua" ilibidi alianze mara mbili. Mtoto mmoja mgonjwa akamuuliza mama yake kwa nini yule baba analia, na mama akamfunika mdomo. Mimi nikasema langu baada yake, fupi. Mwalimu hakuwa na tabasamu siku hiyo. Alimtazama Profesa muda mrefu, kisha akatazama magongo yake.

Meneja alimpa barua ya onyo na kumnyang'anya nywila ya mashine, akampa Fundi Mkuu. Akampigia simu Shangazi mwenyewe, akamwambia "sote tulikosea kidogo." Shangazi akamuuliza, "Mimi nilikosea nini?" Ikabidi Meneja aombe radhi upya, kwa ukamilifu. Shangazi alirudi kazini Jumatano. Mwalimu alivaa mguu wake Alhamisi, ukamkaa vizuri, akatoka kwa miguu miwili akiyabeba magongo kwapani. Fundi Mkuu hakusema na Profesa wiki nzima isipokuwa ya kazi.

Shangazi alistaafu miezi saba baadaye. Tulimwandalia keki na soda kwenye chumba cha wagonjwa. Alizunguka akimpa kila mtu mkono na neno. Alipofika kwa Profesa alimpa mkono kama alivyowapa wengine, wala si mfupi zaidi wala si mrefu zaidi, akamuuliza hali ya mama yake aliyekuwa akiumwa, akamwambia amsalimie. Profesa akasema atamsalimia. Kisha akatoka nje, na nilipomfuata nilimkuta amesimama kando ya tangi la maji, amevua miwani. Aliniambia ingemwia rahisi zaidi kama Shangazi angempita bila kumsemesha.