Mwambie Baba Yako Unakunywa Hewa

Mke wangu aliporudi kazini baada ya likizo ya uzazi, tulikubaliana kwamba asubuhi nitabaki na mtoto mimi, kwa kuwa zamu yangu pale tunapooka mikate huanza mchana. Kijana wetu alikuwa bado hajaanza uji, na mashavu yake yalikuwa ya mzee aliyestaafu vizuri. Mama yake alikamua maziwa, akayaweka kwenye friji, akambusu mtoto, akaniachia mimi maagizo.

Kwa mama yake, kijana alinyonya akalala. Kwangu alinyonya akapiga mayowe mpaka majirani zetu wa mtaa wa West Indies wakapunguza redio wasikie vizuri. Tumbo lilikuwa gumu, magoti ameyakunja hadi kifuani. Nikaamini kwamba ananichukia. Nikamwimbia, nikamwonyesha paka, wapi! Mwenye duka akanishauri nibadilishe chuchu ya chupa, ninunue yenye tundu kubwa, maana watoto wa kiume hawana subira. Nikanunua. Maziwa yakaisha upesi, na mayowe yakaanza upesi zaidi.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Moiben, na kuku mkononi. Kwa desturi za kwao, mama mkwe na mkwe hawazoeani ovyo. Hatutazamani usoni, na utani ndio kabisa haupo. Asubuhi mke wangu akaenda zake, akatuacha sebuleni: watu wawili wenye heshima zao na mmoja asiye na heshima hata chembe.

Saa ya maziwa ilipofika nilimlaza mtoto chali kwenye kochi kama kawaida yangu, nikamtia chupa mdomoni. Mama mkwe alikuwa ameketi upande wa dirisha, uso ameuelekeza nje. Lakini masikio yake yalikuwa ndani.

"Mjukuu wangu," akasema, akiangalia barabara. "Hiyo ni sauti ya kunyonya ama ni ya pampu?"

Mtoto hakujibu. Mimi pia sikujibu, maana sikuwa nimeulizwa.

"Mwambie baba yako unakunywa hewa. Wewe umelala, chupa nayo imelala. Maziwa yako nusu, hewa nusu. Hata ndama hatumlazi chini ndiyo anyonye."

Nikakohoa kidogo, nikamwinamia kijana. "Mwambie nyanya, sasa nikulishe namna gani?"

"Mwambie akuinue, kichwa kikae juu kuliko tumbo. Halafu ainamishe chupa mpaka chuchu ijae maziwa. Na hiyo chuchu kubwa aitoe. Wewe ni mtoto, si lori linatiwa mafuta."

Nikaenda jikoni nikachemsha chuchu ya zamani, nikarudi nikamkalisha kijana kwenye mkono wangu. Safari hii alipanua mdomo, akaishika vizuri, akanyonya polepole bila ule mlio. Alipofika katikati, sauti ikatoka tena dirishani.

"Mwambie akupumzishe. Akuweke begani."

Nikamweka begani, nikampigapiga mgongo. Kimya. Nikaendelea. Mara kijana akacheua kwa kishindo, cheuo la mwanamume aliyemaliza nyama ya harusi, na maziwa kidogo yakashuka shingoni mwangu hadi ndani ya shati. Nikaangua kicheko kabla sijakumbuka niko mbele ya nani. Mama mkwe akajifunika mdomo kwa leso, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mwambie baba yako mimi sijacheka," akasema.

Siku hiyo kijana alinung'unika kidogo tu, akalala. Haikuwa miujiza, asubuhi nyingine bado alilia, kama watoto wanavyolia. Lakini tumbo lililegea, na mimi nikaacha kufikiri kwamba nina mtoto asiyenipenda. Hata nilianza kuzingojea asubuhi zetu.

Jumamosi mke wangu alikuwa nyumbani, akataka kumpa chupa yeye. Nikasimama nyuma yake mikono kiunoni.

"Inamisha kidogo," nikamwambia. "Chuchu ijae. Ukifika katikati umpumzishe, usimkimbize."

Akageuka akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Na wewe umeyajulia wapi haya?"

"Nimejionea tu," nikasema. "Mtu akikaa na mtoto, anajifunza."

Kutoka jikoni, mtu alikohoa.