Mgomo wa Kulala

Mwaka 2012 niligoma nikiwa nimelala. Nikikumbuka nacheka, lakini ndivyo tulivyokubaliana sisi vibarua wa ghala la chakula pale Kakuma. Wenyeji na wakimbizi tulipakua malori yaleyale, kwa jasho lilelile, ila wenzetu wakimbizi walilipwa kidogo kuliko sisi. Tulidai ujira mmoja. Na kwa kuwa jua la Kakuma halimruhusu mtu kusimama akipiga kelele, tukajilaza mlangoni pa ghala, bega kwa bega. Mtu aliyelala harukwi. Kumruka ni kumdharau kabisa. Tuliona huo ni ukuta tosha.

Mimi nilikuwa nimetoka Lodwar na ekicholong yangu, kile kigoda kidogo tunachoegemeza kichwa tukilala. Kando yangu alilala Mkongo niliyezoea kushika naye gunia, mimi huku, yeye kule. Yeye alikunja shati akalifanya mto. Sauti za kambi zilitufikia kwa mbali, Kisomali, Kiarabu cha Juba, kwaya ikifanya mazoezi, kisha zikapotea. Sijui kama nilisinzia au niliota macho wazi. Niliona mto Turkwel ukipita katikati yetu, maji baridi, na sote tukielea bila kuulizana vitambulisho. Nilikuwa na raha ajabu.

"Ndugu," Mkongo akaninong'oneza, "tukishinda, miye nitalala tena hivi, lakini kwa nyumba yangu, na tumbo imejaa."

Nyapara naye hakuwa mjinga. Alijua kuwa mwenye njaa hana miiko. Alikwenda manyattani akarudi na akina mama, akawaambia kazi ni yao wakiingia ndani. Wa mbele alikuwa mama mdogo, ndugu wa mama yangu. Sikuogopa, maana yeye ndiye aliyenifunza mwiko wenyewe.

Alifika kwangu, akasimama. Akasogea hatua moja kando, alipolala Mkongo, akamruka.

"Mama mdogo, umeruka mtu!"

"Nimeruka mkimbizi," akanijibu kwa Kiturkana bila kugeuka. "Wewe sijakugusa."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwenzangu alikielewa Kiturkana vizuri. Alikuwa amekiokota kwetu, kwenye kazi. Nilingoja anitukane, mimi na ukoo wangu wote, na ningenyamaza. Akina mama wengine walikuwa wamesita, watoto migongoni, wakitazama miguu ya Mkongo.

Akaketi. Akajivuta nyuma, akakunja miguu, ikapatikana nafasi ya mtu kupita.

"Unafanya nini? Tumekwisha!"

"Wacha wapite," akasema. "Wanasikia njaa. Lakini wasiniruke tena."

Mgomo ukaishia hapo, na ujira wa wakimbizi haukupanda. Akina mama walipita mmoja mmoja. Kila mmoja alipomfikia alimsalimu kwa Kiturkana, "Ejok," naye akawaitikia wote, mpaka wa mwisho.