Mtu Mzima Hakimbii Bure

Hapa Naipingo nilipoolewa, mtu mzima akikimbia ujue kuna msiba. Mwanamke akipita mbio kajifunga kibwebwe, wenzake wanaacha jembe, wanaacha chungu motoni, wanamfuata. Sasa mimi, mjane niliyepona kiharusi, mguu wa kushoto unaburuta, muuguzi akaniambia nikimbie.

Si mbio za kushindana. Nitembee, nikimbie kidogo, nitembee tena, na kila wiki nipunguze kule kutembea. Nikaanza asubuhi na mapema. Siku ya kwanza sikufika hata kwa jirani.

Aliyenivunja moyo namtaja: ni shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu. Bado nalishwa uji kwa kijiko, yeye keshapanda ufuta kwenye shamba langu la mikorosho. Eti mgonjwa hawezi kupalilia, nirudishwe kwetu Ruangwa nikauguzwe. Nilipoanza kukimbia, akasambaza maneno kwamba ugonjwa umenipanda kichwani. Na wifi, dada yake, huyo naye simwachi. Alikuwa akikaa barazani na chai yake, ananihesabia pumzi.

"Wifi, unamkimbilia nani, na mwenyewe keshazikwa?"

Kuna wiki mguu ulivimba, nikasema basi, naacha. Nimelala ndani, nikamsikia shemeji uani anapatana na vibarua wa kupalilia. Kwenye shamba langu. Hasira ile ndiyo iliyoniinua. Hospitali hawana dawa kama hiyo. Uvimbe ulipotulia nikarudi barabarani.

Asubuhi moja nikatoka mlangoni mbio, nikaelekea shambani, wala sikutembea hata kidogo. Njiani kulikuwa na mama mmoja mgeni, katoka Ruponda kuwaona ndugu zake, hana habari zangu. Kuniona tu, akakaza kanga, akapiga yowe. Wanawake wakatoka majumbani. Kugeuka, nyuma yangu kuna kundi, wengine wameshaanza kulia. Ningewaeleza, lakini pumzi ningeitoa wapi? Nikakaza mwendo, nao wakakaza.

Shemeji alikuwa katikati ya ufuta wake. Akatupa jembe, akaja mikono kichwani.

"Nani kafa?"

Nikaushika mkorosho wangu, nikahema mpaka maneno yakapatikana.

"Hajafa mtu, shemeji. Ndiyo habari yenyewe hiyo. Ufuta wako utauvuna, halafu utoke shambani kwangu."

Akatazama kundi lile, akitafuta wa kumuunga mkono. Waliokuja kulia wote walikuwa wamesikia.