Neno la Sista Pilari

Tulikuwepo mama yangu Nakiete aliyekuwa mgonjwa, dada wa baba, shangazi Namkunda, aliyemshika mkono, mimi mtoto, na Sista Pilari, mgeni kutoka Uhispania, asiyejua Kiswahili. Ilikuwa njaa, kule misheni juu ya Makanya. Makande yalinukia hadi mlangoni. Sista akampa mama bakuli, akatabasamu: "Koma, mama, koma!"

Mama akalirudisha bila kuonja. "Twendeni. Nimekomeshwa mbele ya mwanangu."

"Wifi, kula tu, njaa haina aibu!" shangazi akamsihi.

Hakugeuka. Mimi nilidhani sista ametuona wezi. Mama hakukanyaga tena misheni, na mvua zilipokuja hazikumkuta hai.

Juzi mjukuu wangu Neema, anayejifunza Kihispania kwenye simu, alikuwa akirudiarudia: "Kome. Koma." Nikashtuka.

"Ni kula, bibi. Mtoto unamwambia kome. Mtu wa kumheshimu ndiye unamwambia koma."

Kumbe mama aliheshimiwa. Angedharauliwa, angeambiwa kome, na huenda angekula.

Shangazi naye tulishamzika. Kama yupo aliyekuwepo akasikia neno jingine, anisahihishe. Naomba niwe nimekosea.