Valvu Zinatangulia

Wiki ile sikukaa kitako. Nanyanyuka kabla chai haijapoa, natoka uani, narudi, nashika simu, naiweka. Mke wangu akaniuliza kama nimekalia siafu. Nilimjibu vibaya, na najuta, maana kilichokuwa kinaninyima raha kilikuwa chuma tu.

Lakini chuma hicho nilikihudumia zaidi ya miaka ishirini. Ni mtambo wa kurushia matangazo ya redio, ya masafa ya kati, mrefu kunizidi na mpana kama makabati mawili ya nguo. Ulizimwa zamani, ukaachwa kwenye chumba kimoja chini ya vilima vya Matogoro. Sasa wenye jengo walitaka chumba kiwe kitupu ifikapo Jumamosi. Nisipopata wa kuuchukua, watu wa vyuma chakavu wataukatakata.

Nilihangaika, jamani. Niliwapigia simu wote niliofanya nao kazi. Mmoja alicheka, mwingine akasema nyumba yake ndogo. Mwishowe nikampata mwalimu wa fizikia kwenye shule moja njia ya Peramiho. Alisema wanafunzi wake redio wanaijua ya kwenye simu tu, akaahidi kuja na lori la Fuso Jumamosi asubuhi. Siku hiyo nilimaliza ugali wote.

Alhamisi nikaenda kuuandaa. Sisi mafundi wa zamani tulifundishwa kwamba mtambo ukihama, valvu zinatangulia. Ni zile taa zake kubwa za kioo. Bila hizo haurushi kitu. Unazifunga kwenye blanketi, unazipakata zikiwa wima, na humwambii mtu, maana zina wezi. Nikazichomoa zote mbili. Kwa haraka zangu hata milango ya mtambo sikuifunga. Getini mlinzi, yule yule niliyemwomba asiruhusu mtu auguse mtambo, akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia nguo za kufua, nikapanda bodaboda hadi nyumbani Ruhuwiko.

Jumamosi tulipofika na Fuso, chumba kilikuwa kitupu. Sakafuni palibaki alama ya kutu na boliti mbili tatu. Mlinzi akaja, akaniamkia shikamoo kwa adabu zake zote, nami badala ya kuitikia nikamfokea mpaka koo likakauka. Alisubiri nimalize.

"Mzee, wale wa vyuma walikuja jana, nikawakatalia," alisema. "Wakang'ang'ania, tukaingia wote kuangalia. Tukakuta milango wazi, taa hamna. Nikajua umeshachukua chako, kilichobaki umekitupa, nikawaachia. Ungeniambia tu, mzee wangu."

Mwalimu alitazama lile Fuso tupu, kisha akasema basi tukachukue hata hizo valvu.

Ziko maabara ya shule sasa, ndani ya kabati la kioo. Kila Jumatano naenda, ingawa hakuna anayeniita, nyumbani sikaliki. Nawaeleza wanafunzi zilivyokuwa zikiwaka, na chumba kilivyokuwa kikipata joto. Juzi binti mmoja akauliza mtambo wenyewe uko wapi. Nikasema ulichakaa, ukauzwa chuma chakavu.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya darasa. Aliinamia madaftari yake.