Kiti cha Babu, Kiti cha Herode

Nilianza siku ya Alhamisi, saa tisa na robo alasiri. Nina uhakika kwa sababu niliandika kwenye daftari langu, na ukurasa ule mpaka leo umegandana na wa jirani yake kwa gundi ya unga wa ngano. Nikiubandua kidogo naisikia tena harufu ya uji ulioungua chini ya sufuria, imechanganyika na moshi wa jikoni kwa Bibi na majani ya migomba yaliyolowa. Nilikuwa darasa la sita, likizo ya Desemba, na sisi watoto wa kigango chetu, kule juu ya Moshi mjini, tulikuwa tunaandaa igizo la Noeli. Mimi sikupewa sehemu ya kusema. Mwaka uliotangulia nilipewa mstari mmoja tu, wa mchungaji, nikasimama mbele za watu nimekauka mpaka mtoto aliyekuwa kondoo akanisemea. Kwa hiyo katekista aliponikuta nachora pembeni ya daftari akasema, "Wewe wa kimya, utanitengenezea kiti cha enzi cha Herode. Kiti ni cha kawaida, wewe kifanye cha mfalme. Jumapili baada ya misa ya pili nakihitaji." Nilifurahi, nikaanza kukichora hapo hapo.

Kiti alichonipa kilikuwa cha plastiki. Nilikata maboksi ya sabuni yakawa mgongo mrefu wenye vilele viwili, Kibo na Mawenzi, nikayabandika kwa gundi. Plastiki haishiki gundi ya unga. Maboksi yaliteleza polepole kama mtu anayesinzia kanisani. Nikayafunga kwa kamba, akaja Gaudence, mvulana mnene aliyekuwa ndiye Herode, akajaribu kukaa, na miguu ya kiti ikatanuka kama ya ndama anayejifunza kusimama. "Aisee, mnataka kuniua kabla sijaua!" akasema. Binamu yangu Felista, aliyekuwa Maria na aliyezoea kuwasemea watu wote, akanigeukia: "Si kuna kile cha mbao ndani kwa Bibi? Hakikaliwi na mtu." Nikasema hapana. Ilikuwa hapana yangu ya kwanza siku ile, na haikudumu hata saa moja.

Kile cha mbao kilikuwa cha Babu. Ni mbao tupu ya mti wa mringaringa, na alikikalia kila jioni na mbege yake, ile pombe ya ndizi, mpaka mikono ya kiti, pale viganja vyake vilipozoea kutulia, ikalainika na kung'aa, myeusi kidogo kuliko mbao nyingine. Alipofariki, Bibi hakukiondoa wala hakuruhusu mtu akikalie. Kila asubuhi alikipangusa kwa kitambaa, akaweka kiganja chake pale pale kwenye mkono wa kulia kwa kitambo kidogo, kisha akaenda kuwakatia mbuzi majani. Wiki ile alikuwa amesafiri hadi Kwa Sadala akimhudumia shangazi aliyejifungua. Alisema angerudi baada ya Noeli, na ufunguo wa nyumba aliniachia mimi, sio Felista. "Wewe ndiye usiyegusa vitu," aliniambia.

Nilipofungua mlango na kukitoa kiti, nilijiwekea masharti. Hakuna msumari hata mmoja. Maboksi nitayafunga kwa nyuzi za migomba mikavu. Mikono nitaiviringishia kanga kuukuu. Na kweli kazi ilienda vizuri mpaka Jumamosi mchana: vilele vyangu viwili vilisimama, visoda vilivyopondwa viling'aa kama vito, na katekista akaleta kopo la rangi ya dhahabu ya kupuliza. Nilipuliza uani, nimejifunga kitambaa puani. Nilipofungua ile kanga nikakuta rangi imepenya. Mkono wa kulia ulikuwa na madoa ya dhahabu, pale pale pa kiganja cha Babu. Ningeacha hapo ingekuwa nafuu. Nikachukua mafuta ya taa, madoa yakatapakaa. Nikachukua msasa wa baba, nikasugua. Dhahabu ilitoka, na ule weusi laini ukatoka nao. Nilipopuliza vumbi, mbao ilikuwa nyeupe kama iliyochongwa jana. Niliweka kiganja. Palikwaruza.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda mpakani mwa kihamba chetu, shamba linalozunguka nyumba, nikakata masale, yale majani marefu yaliyopandwa kuwa uzio, ili nifunike lile doa jeupe. Niliwaza tu kwamba jani la mgomba lingenyauka kabla misa haijaisha, ila isale hukaa bichi siku nyingi. Nikayafunga mafundo kwenye mikono yote miwili ya kiti yasije yakaanguka. Kila mtoto wa kwetu anajua jani la isale lililofungwa fundo ni la nini: ukimkosea mtu unampelekea, naye hawezi kukukatalia msamaha. Nilijua hata mimi. Lakini hofu ilinijaa kichwani, nikaona majani tu.

Jumapili kiti kilipobebwa mbele, watu walipiga vigelegele. Nilikuwa nyuma ya shuka tuliyoitundika kama pazia, nikachungulia nione nyuso zao, na katika benchi la tatu nikamwona Bibi. Alikuwa na mfuko wake wa safari mapajani. Alitoka Kwa Sadala asubuhi ile ili atushtukize. Alikuwa anakitazama kiti. Gaudence akakaa, akapiga mkono wa kulia wa kiti kwa nguvu, akanguruma, "Watoto wote wa kiume wauawe!" Ndipo mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti kama anayemwita chifu: "Mangi Herode! Unaua huku umeshika isale? Umeshajisamehe kabisa?" Kanisa zima likaangua kicheko. Gaudence mwenyewe alicheka, katekista akafunika uso. Wasiocheka tulikuwa wawili.

Igizo lilipokwisha Bibi alikwenda mbele, akafungua masale ya mkono wa kulia, moja moja, akaweka kiganja chake pale. Alibaki hivyo mpaka watu wakaanza kutoka. Hakuuliza ni nani. Alimwambia Felista na Gaudence, "Mnirudishie kiti nyumbani," akatangulia. Mchana ule alinipakulia ndizi kama kawaida, akageukia moto wake. Heri angenichapa.

Sasa niko kidato cha nne. Sisi tukikosana tunatumiana "samahani" kwenye simu na kile kikatuni kinacholia, na jibu linafika kabla hujaweka simu chini. Nimeomba radhi namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka makosa yenyewe. Kiti bado kipo. Mkono wa kulia umeanza kuwa mweusi tena, taratibu, ila weusi huu ni wa kiganja kingine, kidogo kuliko cha Babu. Chake hakitarudi, na hilo nalijua kila ninapopita pale.

Asubuhi ya Jumatatu ile, saa kumi na mbili na nusu, nilimkuta Bibi ameinamia kiti na kitambaa chake. Mkono wa kushoto ulikuwa bado na masale yangu. Nikafungua moja, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akalitazama lile jani. "Hili si la Herode?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi limeshaomba lake. Katafute la kwako."

Nilikimbia pekupeku kwenye umande mpaka mpakani, nikachagua jani, nikalifunga fundo, likafunguka, nikalifunga tena. Niliporudi alikuwa bado amesimama pale pale, ananingoja.

"Bibi, ni mimi. Ilikuwa rangi, halafu nikapiga msasa. Nilikuwa naogopa."

Lilikuwa jambo refu kuliko yote niliyowahi kusema kwa mkupuo mmoja. Bibi akalipokea jani, akaninyooshea kitambaa.

"Haya, pangusa."

Nilianza na mkono wa kulia.